Hatuna Upande

Opereta wa simu alimtambua rubani kabla hajavuta kiti. Angemsahau vipi? Ndiye aliyepotea njia akavuka mpaka, akamwaga mabomu juu ya shule, binti wa opereta akafukiwa humo. Kisha ndege ikamwishia mafuta, akatua kwenye shamba la watu, mikono juu. Opereta, mama wa watu, alipokwenda wizarani kudai rubani ashtakiwe, bwana mkubwa mmoja alimpa pole na kikombe cha chai. "Vita si vyetu, dada yangu. Nchi hii haina upande." Chai! Kwa mtoto!

Rubani akawekwa kambini pamoja na wenzake na maadui zake, askari wa pande zote mbili za vita waliokimbilia huku, wote wanakula na kulala. Kila mmoja aliruhusiwa kupiga simu nyumbani, opereta akisikiliza. Salamu na afya tu. Ikitajwa vita, anakata.

Leo ilikuwa zamu ya rubani.

"Mama, usiulize kitu. Ondoka mjini sasa hivi, usiku huu wana—"

Opereta akachomoa waya.

"Dada, nakuomba! Kuna adui kaingia kambini jana, karopoka bafuni. Mji wetu unapigwa leo. Mama yuko peke yake. Neno moja tu!"

"Vita si vyetu," alisema opereta. "Nchi hii haina upande."

Lo, yalivyomtoka matamu! Miezi yote hiyo yalikuwa yamemkaba kooni.

"Ni kizee yule! Amekukosea nini?"

"Wangu alikuwa bado anang'oka meno. Wewe alikukosea nini?"

Rubani akapiga magoti. Askari wa zamu wakamkokota nje, analia kamasi zikimtoka, na opereta akamtazama mpaka mlango ukafungwa. Alie. Na bado.

Mara taa ikawaka kwenye ubao wa simu: simu kutoka ng'ambo ya mpaka.

"Binti, laini imekatika," ilisema sauti ya kizee. "Mwanangu alikuwa ananiambia niondoke. Niende wapi na miguu hii? Amesemaje?"

Mkono wa opereta ulikuwa tayari kwenye waya. Angekata tu, sheria ingemlinda. Lakini sheria ilikuwa ya nchi, na yeye alitaka chake.

"Usihangaike, mama," alisema kwa upole. "Amesema ubaki nyumbani. Funga mlango, ulale."

"Haya, mwanangu. Umenituliza roho. Mungu akutunzie watoto wako."