Usingizi wa Mshiriki Namba Kumi na Nne

Saa mbili kasorobo asubuhi Julienne alikuwa anaopoa mandazi ya mwisho kwenye karai, barazani kwake mtaani Kyebando, Aloyo, mfanyakazi wa watafiti, alipofika kuchukua usingizi. Alipiga hodi ingawa mlango ulikuwa wazi, akavua viatu, akaingia moja kwa moja mpaka kitandani. Chandarua kilikuwa kimelemea upande wa miguuni, kama kawaida yake. Aloyo akakifungua kona moja baada ya nyingine, akakikunja kuelekea katikati ili usingizi usimwagike, akautia kwenye mfuko mweupe na kuuning'iniza kwenye mizani ya ndoano, ile wanayopimia watoto wachanga kliniki.

"Mama, leo iko nzito," alisema. "Kilo moja na robo."

"Jana nilifua mablanketi."

"Ndiyo maana."

Akaandika kwenye daftari lake. Kisha akaketi akanywa chai na andazi moja, kwa sababu baba yake alikuwa polisi wa zamani, na alikuwa amemlea mtoto asiondoke nyumbani kwa mtu na tumbo tupu akiwa amekaribishwa.

Usingizi wa Julienne ulikuwa na rangi ya maji ya mchele, laini kama sufi, na ukiubonyeza kwa kidole ulirudi polepole. Yeye mwenyewe hakuwa ameuonja kwa miezi saba. Alijilaza kama watu wote, akafumba macho, akayafumbua asubuhi yakiwa makavu. Hakuugua. Tatizo ni kwamba siku zake zilikuwa zimeshikana, Jumatatu imeingia ndani ya Jumanne, na hakukuwa na mahali pa kuzikata.

Ilianza hivi. Kyebando wanajua utaratibu wa vyandarua. Mwenyekiti wa mtaa anapita na karatasi, unamwambia una vitanda vingapi, unaweka kidole gumba, unapewa chandarua. Hakuna anayesoma. Hata wanaojua kusoma hawasomi, maana kusoma karatasi mbele ya mwenyekiti ni kama kumwita mwizi. Siku hiyo yalikuja magari mawili. La kwanza lilileta vyandarua vya bluu, vya serikali. La pili lilileta vyeupe, vya Chama cha Wanazuoni wa Usingizi. Julienne alipanga foleni zote mbili, kama walivyofanya wanawake wengi, akaweka kidole kote kuwili, akashukuru Mungu kwa wingi. Karatasi ya chandarua cheupe ilikuwa na kurasa kumi na moja. Ukurasa wa saba ulisema kwamba usingizi wowote utakaonaswa humo ni mali ya Chama.

Vyandarua vyeupe vya majirani vilinasa mbu. Usingizi wao ulikuwa mwepesi, ukapita kwenye matundu ukaenda zake. Wa Julienne ulikuwa mzito kwa sababu ndani yake kulikuwa na mtu.

Mtu huyo alikuwa mumewe, Katembo. Miaka tisa iliyopita Katembo aliondoka kwao Butembo na lori la maharage, na hakurudi yeye wala lori. Julienne alivuka mpaka na binti yake, Exaucée, bila maiti na bila kaburi, na bila kaburi matanga hayaishi. Mwaka wa tatu Katembo akaanza kumjia usingizini ili amweleze mahali alipolala, watu waende wakamchukue. Ila alikuwa amelelewa vizuri. Kwao, mtu aliyekaa mbali hawezi kuingia kwenye shauri kabla hajauliza hali ya watu wote, mmoja mmoja kwa jina, na Katembo alikuwa amekaa mbali sana. Mwaka mzima aliuliza watoto wa ukoo. Kisha ndugu, kisha mashemeji, kisha majirani wa pande zote mbili za barabara. Julienne alimjibu kila mmoja bila haraka, maana hata yeye alilelewa. Katembo alikuwa amefika kwenye wanyama. Alikuwa ameuliza mbuzi wawili, bado mmoja. Julienne alikadiria kwamba kufika Krismasi wangekuwa wameingia kwenye shauri.

Ndipo kikaja chandarua cheupe.

Alijaribu kukiondoa. Usingizi haukuja kabisa. Aloyo alimweleza kwamba umekwisha kuzoea, kama ng'ombe aliyezoea zizi la jirani. Basi akakirudisha, akajifunga kitenge chake kizuri, akaenda ofisini kwa Chama kumwona Daktari Ondiek, mkuu wa utafiti, mtu mpole aliyefuta miwani kila aliposikia jambo zito.

"Musawo, miye nakuja kuomba usingizi yangu."

"Mama Exaucée! Karibu sana. Wataka wote?"

"Hapana, baba. Moja tu. Niko na mgeni ndani."

"Mgeni wa namna gani?"

"Bwana yangu. Alikufa."

Daktari akafuta miwani, akaandika. Hakushangaa. Alisema wageni wa namna hiyo wamewaona kwa washiriki kadhaa, wengi wao wanakuja kuulizia jembe au sufuria waliyoiacha. "Shida, mama, ni kwamba usingizi wako uko kwenye uchambuzi. Nikikupa mmoja, kazi ya miezi saba inaharibika. Lakini mwezi ujao tuna sherehe ya tuzo. Wewe njoo. Nitakuweka kiti cha mbele."

"Nitaupata huko?"

"Utauona," alisema Daktari Ondiek, na hakusema uongo.

Sherehe ilikuwa hotelini, upande wa Kabalagala, baada ya chakula cha mchana. Walikuja wanazuoni mia mbili, wengine kutoka Nairobi, wengine kutoka Ulaya. Julienne aliketi safu ya kwanza pamoja na Aloyo. Tuzo zilikuwa za kioo, zimechongwa kama mto wa kulalia. Ya Mtafiti Chipukizi alipewa kijana aliyethibitisha, kwa miaka minne ya kazi, kwamba walinzi wa usiku hawalali vya kutosha. Walipigiwa makofi yeye na wafadhili. Walinzi aliowachunguza walikuwa wamesimama getini, wakiyafungulia magari.

Kisha akaitwa Daktari Ondiek kupokea ile kubwa, Tuzo ya Mafanikio Makubwa. Alishukuru Chama, akashukuru hoteli, akasema maneno ni machache na vitendo ni vingi, akaamuru liletwe pipa. Usingizi wa miezi saba ulikuwa umeshindiliwa ndani mpaka umekuwa kama godoro. Akafungua kifuniko.

Ulitoka taratibu, ukapita juu ya meza. Wanazuoni wakalala kwa mpangilio wa safu, kuanzia mbele, vichwa kwenye sahani za matunda. Daktari Ondiek alilala amekumbatia kioo chake. Aloyo alisema, "Mama, samahani," akalala begani kwa Julienne.

Julienne naye akajifunika kitenge usoni, akafumba macho, akangoja. Usingizi ukafika kwake, ukasita, ukapita pembeni, kama mtoto aliyepelekwa shule ya bweni anayeona haya kumsalimia mama yake mbele ya wenzake.

Basi akabaki macho peke yake ukumbini. Na baada ya muda mfupi watu mia mbili wakaanza kuitikia salamu.

Waliitikia kwa Kinande, lugha ya kwao Katembo. Hakuna hata mmoja wao aliyejua Kinande, lakini waliitikia vizuri, isipokuwa wale wa Ulaya waliokosea kidogo mwishoni mwa maneno. Walijibu wote kwa pamoja, kama darasa. Mbuzi wa tatu? Yuko salama, alizaa mapacha. Na kuku? Kuku wapo. Na mvua? Ilinyesha. Na goti? Bado.

Kisha kimya kirefu. Julienne alikijua. Ni kimya anachokaa mwanamume anapojiweka sawa kitini ili aseme kilichomleta.

"Ehe," wakasema wanazuoni. "Ehe. Tunakusikia."

Julienne akasimama. Akamwendea profesa mzee aliyekuwa karibu, akainama akatega sikio kinywani mwake. Yakatoka majibu tu.

"Ehe. Hapo. Ehe, tumepashika."

"Katembo," Julienne akasema ndani ya sikio la profesa. "Katembo, miye huyu. Sema miye nisikie."

Profesa akajipiga sikio kwa kiganja, kama mtu anayefukuza mbu, akaendelea kuitikia.

"Tumesikia," wakasema wote mwishoni. "Tumeelewa. Nenda salama."

Waliamka baada ya saa moja na robo. Wengi walikuwa wanalia, na kila mmoja alisema hajawahi kulala hivyo tangu utotoni. Wakasimama wakampigia makofi Daktari Ondiek mpaka vikombe vikatikisika. Julienne alikuwa bado ameinama mbele ya profesa mzee.

"Baba, amesema iko wapi?"

"Yule mrefu?" profesa akasema, akipangusa embe shavuni. "Mwenye pengo hapa mbele?"

"Huyo! Huyo huyo!"

"Mtu mwenye adabu sana. Amesema kwamba—"

Daktari Ondiek akamwekea mkono begani. "Profesa, tafadhali. Maadili."

Profesa akafunga kinywa. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maadili.

"Mama Exaucée," Daktari akasema kwa upole, "taarifa zilizomo kwenye usingizi wa mshiriki ni siri. Haturuhusiwi kumpa mtu mwingine yeyote."

"Mshiriki ni miye."

"Ndiyo sababu tunailinda kwa nguvu hivi."

"Basi nipe miye mwenyewe."

"Ningependa. Lakini lazima ithibitishwe kwamba wewe ndiye namba kumi na nne. Na orodha ya majina na namba imefungiwa. Kuifungua ni kutoa siri ya mshiriki." Akafuta miwani. Alikuwa anasikitika kweli. Akampa cheti cha ushiriki, chenye mhuri, na mahali pa jina palikuwa pameandikwa 14.

Asubuhi iliyofuata Aloyo alikuja kama kawaida. Hakupima kwanza. Alikaa na kikombe chake mkononi mpaka chai ikapoa.

"Aloyo, mwanangu. Na wewe ulimsikia."

"Mama, mimi niliweka sahihi. Nikisema, wananifukuza. Na hii kazi ndiyo inalisha nyumba yetu yote."

"Najua."

"Lakini kusalimia si siri." Aloyo akatazama chini. "Alisalimia vizuri. Aliuliza kama ile goti yako imepona."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia bado. Kwa baridi inasumbua."

"Nani alikuambia?"

"Si ninakuona kila asubuhi ukiinuka pale jikoni?"

Julienne akaingia ndani, akamshikia ile mizani, maana mkono mmoja haukutosha.

Mwaka ukapita. Julienne aliandika maombi matatu kwa mkono wa Exaucée, na kamati ikayajibu yote kwa heshima. Usingizi ulichukuliwa kila siku isipokuwa Jumapili. Jumapili ulikaa kwenye chandarua ukingoja Jumatatu. Chama kilifanya sherehe nyingine, na Daktari Ondiek akapata tuzo ya pili, safari hii kwa kulinda siri za washiriki. Taarifa ya utafiti ikachapishwa, na Aloyo akaileta nakala moja, akaisahau mezani kwa makusudi.

Exaucée aliisoma Jumapili baada ya misa. Alikuwa anasuka nywele katika saluni ya Kabalagala na wateja walikuwa wamemfundisha Kiingereza, kwa hiyo alisoma kimyakimya sentensi nzima, ndipo akaitoa kwa Kiswahili.

"'Mwanamume huyo alieleza kwa utaratibu mahali alipolala. Ni karibu na...' Hapa wameweka mstari mweusi, mama."

"Ruka."

"'Ukivuka...' mstari mweusi. 'Unahesabu nyumba...' mstari mweusi. 'Chini ya mti wa...' mstari mweusi."

"Hata mti?"

"Hata mti. Wanasema hapa chini, majina yote yametolewa ili kumlinda namba kumi na nne."

"Wamenilinda sana," Julienne akasema. "Endelea."

Exaucée akaendelea. Ilikuwa imeandikwa kwamba watu mia moja tisini na sita kati ya mia mbili walieleza jambo lile lile, na kwamba huo ni ulinganifu ambao haujapata kuonekana katika elimu ya usingizi. Ilikuwa imeandikwa kwamba mwanamume alionekana ametua mzigo. Kwamba alisimama, akapangusa suruali, akawatazama wote.

"'Kabla ya kuondoka aliuliza swali moja, ambalo watafiti hawakuwa na jibu lake. Alisema: Mko wengi, nawashukuru kwa kunisikiliza. Lakini...'" Exaucée akakatiza hapo.

"Lakini?"

"'Lakini...' mstari mweusi '...yuko wapi?'"

Julienne akaivuta karatasi. Akaweka kidole juu ya mstari ule mweusi na kuupitisha mwanzo mpaka mwisho. Ulikuwa mfupi, urefu wa jina lake hasa.

"Niko hapa," aliuambia.

Exaucée alingoja kidogo, kama mtu anavyongoja mama yake amalize kuongea na mgeni mlangoni. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho, ukurasa wa shukrani, ambao ulikuwa na majina mengi, ya watu waliolala ukumbini siku ile, na haukuwa na mstari mweusi hata mmoja.