Nchi Tatu na Mikono ya Mshai

1.

WAKALA WA AJIRA UPEO MPANA
Mombasa

KWA: Bi. Wakesho Mwandawiro, fundi wa kuchomelea vyuma, Voi
YAH: NAFASI ZA KAZI NG'AMBO

Umefaulu majaribio yote matatu. Waajiri katika nchi zifuatazo wako tayari kukupokea:

(a) Kanada
(b) Ujerumani
(c) Nyuzilandi

Unatakiwa kuchagua nchi MOJA na kutujulisha kabla ya Ijumaa, saa sita mchana. Asiyejibu atahesabiwa kuwa amekataa.


2.

Wakesho aliisoma mara nne, amesimama, kofia ya kuchomelea imekaa juu ya kipaji cha uso, geti la kanisa limeegemea ukuta likimsubiri. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa ameunga mageti, vitanda, madirisha, na mara moja kiti cha enzi cha mchezo wa shule. Hakuna aliyewahi kumwandikia barua yenye kichwa.

Akapiga kigelegele. Peke yake, katikati ya vyuma.

Fundi viatu wa kibanda cha pili akatoka mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Mama Mshai, kuna harusi?"

"Ziko tatu! Nimeposwa na nchi tatu!"


3.

Orodha ya Mwadime, mumewe, mwalimu wa jiografia ambaye hajawahi kuvuka mpaka wowote. Imeandikwa nyuma ya karatasi ya mtihani:

KANADA. Maziwa yasiyohesabika. Theluji. Binamu wa mwalimu mkuu alienda huko na hajarudi. Ama kuzuri sana, ama amesahau njia.

UJERUMANI. Treni. Mikate. Maneno marefu: nimelinakili moja, limeanza ukingo huu likaishia ukingo ule.

NYUZILANDI. Kondoo. Volkano. Jua linafika huko kabla ya kufika kwetu. Matetemeko (ningependa kuona moja, dogo).

MIMI NITAFANYA NINI: Nitapika. Nitafundisha yeyote atakayekaa kitako.


4.

Yaliyosikika mtaani kati ya Jumamosi na Jumapili:

— Kanada? Baridi ya huko inang'ata masikio.

— Ujerumani aende. Wale wanaheshimu fundi.

— Nyuzi nini?

— Landi.

— Ndiko zinakotoka nyuzi?

— Ningekuwa mimi, ningeshapanda ndege. Barua ningeisomea huko juu.

— Na yule mtoto wao, je? Yule asiyesikia?





— Na yule mtoto, je.


5.

Wewe unayesoma, mtoto mwenyewe ndiye huyu: Mshai, miaka tisa, magoti yenye makovu, meno mawili ya mbele hayapo. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio. Vingine vyote ilimwachia, na ubishi ikamwongezea. Anaongea kwa mikono, lugha ya ishara aliyofundishwa shuleni na akaileta nyumbani kuwafundisha wazazi. Maneno yake nitakuandikia kwa herufi kubwa, kwa sababu mikono yake haijui kunong'ona.

Jumapili jioni, baada ya chakula, Wakesho alimweleza.

NCHI TATU?

Tatu, mama akajibu kwa vidole.

WATOTO WA HUKO. MIKONO. KAMA YANGU?

Wakesho alimtazama Mwadime. Mwadime, mwenye kuijua miji mikuu ya dunia nzima kwa moyo, alitazama sahani yake.

HAMJUI?

Hatujui.

BASI ULIZENI.


6.

FOMU UM/7, SEHEMU YA NNE: WATEGEMEZI
Je, yupo mtegemezi mwenye ulemavu? (Tia alama)
☐ NDIYO   ☐ HAPANA

Jumatatu, Bwana Ngumbao wa wakala alipiga simu kuharakisha mambo.

"Dada yangu, hapo sehemu ya nne, tia Hapana. Mambo yatateleza kama siagi."

"Lakini yupo."

"Najua yupo. Mwache kwa nyanya yake mwaka mmoja, miwili. Ukishatulia, unamwita."

"Na yeye akiniita, je?"

"Sasa atakuitaje, na hali ha—"

"Malizia, Bwana Ngumbao."

Wakesho aliisikia feni ya ofisini kwake ikizunguka.

"Kazi yangu ni kuunga vyuma," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Pakiwa na upenyo, sipaki rangi juu yake. Nitatia Ndiyo, tena kwa wino."

"Kunaweza kuchelewesha, dada. Kunaweza hata—"

"Naelewa."

Alipokata simu, aliivuta fomu. Akaiangalia. Akaichukua kalamu, akaikandamiza mpaka alama ikatoka imepinda.

☑ NDIYO


7.

Jumatatu hiyo hiyo Mwadime aliandika barua pepe tatu, kwa shule tatu za viziwi, katika nchi tatu. *Tuna binti. Ana swali.*

Shule ya kwanza ilijibu kwa adabu: ofisi itawasiliana nanyi baada ya wiki sita.

Shule ya pili ilituma fomu. Kurasa kumi na moja.

Ya tatu, ya Nyuzilandi, iliandika mistari miwili: *Jumatano, saa moja asubuhi kwenu, saa kumi jioni kwetu, mnaweza kuja kwenye skrini? Watoto wanataka kumwona.*


8.

Jumatano.

Nyanya, mama yake Wakesho, alifika saa kumi na mbili na nusu, amevaa leso mpya ya maua na viatu vya kanisani. "Siwezi kuonekana na ng'ambo nikiwa na kandambili," alisema. Mwadime alikuwa ameazima kompyuta ya shule na kuiweka juu ya debe, debe juu ya meza.

Skrini ikawaka. Mwalimu mwanamke mwenye mvi, kiziwi yeye mwenyewe. Mbele yake msichana wa sweta jekundu. Kwenye kipande cha karatasi alikuwa ameandika jina lake: MEREANA.

Mshai alisogea mbele. Kwa mkono mmoja, kama alivyofundishwa, akaandika hewani: M, S, H, A, I.

Mereana akakunja uso. Hakuelewa.

Akajibu kwa mikono miwili, haraka, vidole vikigusana na kuachana.

Mshai akakunja uso. Hakuelewa.

Kumbe hata mikono ina mipaka. Wakesho akamwangalia Mwadime, naye alikuwa ameshika ncha ya meza. Watoto wawili, huku na huko, wametazamana

                    tu.

Kisha Mereana akafungua mdomo. Akanyoosha kidole: pengo. Jino moja.

Mshai akafungua wake. Mapengo mawili!

Mereana akapiga makofi kwa kushindwa. Yule mwalimu mwenye mvi akacheka mpaka akavua miwani. Na Mereana, kama mtu aliyekumbuka alichokuja kufanya, akaunyanyua mkono wa kushoto, vidole vimetanuka, na kwa kidole cha kulia akaanza kugusa ncha moja moja, huku mwalimu akionyesha karatasi:

kidole gumba                A
kidole cha shahada      E
kidole cha kati              I
kidole cha pete             O
kidole kidogo               U

Mwadime akaruka kutoka kitini.

"Lakini hizo ni zetu! A, e, i, o, u! Hizo ni irabu zetu, zote tano!"

"Kaa chini, unamziba mtoto," Nyanya akamkemea, lakini na yeye alikuwa amekunjua mkono wake wa kushoto, wenye mishipa na pete ya ndoa, anajigusa vidole.

Mshai hakusubiri. Aligusa kidole kidogo. Akagusa gumba.

U. A.

Mereana hakuelewa. Mshai akazivuta ncha za leso ya Nyanya hadi mbele ya kamera, akaweka kidole katikati ya ua kubwa la manjano.

U. A.

Huko mbali, uso wa msichana ukafunguka. Akaonyesha ishara ya kwao ya ua. Mshai akaonyesha ya kwake. Wakabadilishana, mara moja, mara mbili, mara tano, wakizidi kwenda kasi, kila mmoja akiiba ya mwenzake, mpaka hakuna mtu mzima aliyejua tena nani anasema lugha ya nani.

"Mimi nimetunga O-A," Nyanya akatangaza.

"Mama!"

"Mjane hawezi kujifunza?"


9.

Alhamisi.

Haikuwa rahisi jinsi unavyodhani. Kanada walitoa nyumba yenye bustani. Ujerumani walitoa mafunzo ya miaka miwili na cheti ambacho Wakesho alikuwa akikiota tangu ujana. Nyuzilandi walitoa kazi, na chumba kimoja kwa miezi mitatu, na baada ya hapo mtajitafutia. Aliyaandika haya yote ubaoni karakanani kwa chaki, akakaa juu ya mtungi wa gesi uliokwisha, akayatazama mpaka chai ikapoa.

Cheti.

Bustani.

U-A.

"Unalia?" Mwadime akauliza, akiwa amemletea chai nyingine.

"Nakiaga cheti," akasema. "Niache nikiage vizuri."

Akakaa naye, akamwacha akiage.

Jioni alimwambia mama yake kuwa ni Nyuzilandi, akijua ni mbali, mbali kupita zote. Nyanya alikuwa akiponda kimanga, mihogo na maharagwe, kwa mwiko mrefu. Hakusimama.

"Mbali ni mbali tu, mwanangu. Hata ukihamia Mombasa, mimi hapa jikoni sikuoni." Akaponda. Akaponda tena, kwa nguvu kidogo zaidi. "Nani atanifundisha herufi zilizobaki?"


10.

KWA: Wakala wa Ajira Upeo Mpana
IMETUMWA: Ijumaa, saa tano na dakika arobaini na moja asubuhi

Nachagua (c).
Sehemu ya nne ni NDIYO.
Jina lake ni Mshai. Jina hilo liandikwe kwenye kila karatasi lilipo langu. Kama hapana nafasi ya watu watatu, hapana nafasi yangu.

Wakesho Mwandawiro, fundi.

(Jibu la wakala, saa sita kasoro dakika tatu: *Imepokelewa. Viza zote tatu zitaombwa pamoja. Hatuahidi.* Na chini yake, kutoka simu ya mtu binafsi: *Samahani kwa Jumatatu, dada. Ngumbao.*)


11.

Wiki ya kwanza: hakuna.
Wiki ya tatu: wametaka picha, masikio yaonekane. Mshai alicheka siku nzima. MASIKIO YANGU! WANAYATAKA YA NINI?
Wiki ya tano: hakuna.
Wiki ya saba.

Jumamosi, saa saba mchana, wote wanne mezani. Nyanya alikuwa amefika herufi ya Q na kuitangaza kuwa haina maana. Mwadime alikuwa akijaribu kuandika VOLKANO kwa mikono miwili na kijiko. Kelele, vicheko, redio ya jirani. Simu ya Wakesho, imelala kifudifudi chini ya kitambaa cha mikate, ikatetemeka, na hakuna aliyeisikia.

Ila mmoja.

Mshai aliweka kiganja juu ya mbao za meza.

Akakibakiza hapo.

NGOJENI.

Akafunua kitambaa, akaigeuza simu. Jina la wakala. Ujumbe mmoja, haujafunguliwa.

Wakesho alinyoosha mkono kuichukua. Mkono ukafika nusu ya meza, ukasimama. Akamwangalia mumewe, akamwangalia mama yake, kisha akaurudisha, akauinua pamoja na mwenzake, na akasema kwa mikono, polepole, wote waone:

Soma wewe. Sisi tutakusikiliza.