Folio ya Kumi na Saba

Ijumaa hiyo, saa saba na nusu mchana, Otilia alikuwa amesimama mbele ya kabati la mafaili akisoma nakala ya barua aliyoipiga chapa asubuhi kwa mikono yake mwenyewe. Akairudia. Mara ya tatu aliifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza, na bado maneno yakawa yaleyale. Mungu wangu, alijisemea, leo nimejimaliza.

Otilia, au Mama Urbani kwa majirani zake wa Mfaranyaki, alikuwa mtunza kumbukumbu wa ofisi moja ya serikali pale Songea inayoshughulika na mambo ya ardhi. Jina la ofisi tuliache, maana wenyewe bado wapo na simu zao zinapatikana. Alikuwa amekaa masjala miaka ishirini na sita. Mabosi walikuja wakaondoka, kila mmoja na mbwembwe zake, yeye akabaki na mafaili yake. Hajawahi kupoteza karatasi hata moja, na alijisifia hilo kila alipopata wa kumsikiliza.

Sasa kulikuwa na karatasi ambayo angefurahi sana kama ingepotea yenyewe. Mwezi wa tatu, mkuu wa ofisi, Bwana Romanus, alitaka kutoa amri ya kuwaondoa watu wa kitongoji kimoja kule Lusewa ili mashamba yao yapishe mradi. Kabla ya kutoa amri alimwuliza mwanasheria wa ofisi, kijana aitwaye Beda, kama anayo mamlaka hayo. Beda akakaa siku tatu na vitabu vyake, akaandika kurasa nne. Ukurasa wa mwisho ulisema bila kuzunguka kwamba mkuu wa ofisi hana mamlaka ya kuwaondoa wananchi kwa amri yake mwenyewe: lazima mkutano mkuu wa kijiji ukae, lazima tathmini ifanyike, lazima watu walipwe fidia. Otilia aliupokea waraka ule kama anavyopokea karatasi yoyote. Aliugonga muhuri wa tarehe, akautoboa, akaufunga kwenye faili, na kwa kalamu nyekundu akaandika 17 kwenye kona ya juu. Hiyo ndiyo inaitwa folio, namba ya karatasi ndani ya faili, na mtu wa masjala akishaiandika haifuti.

Romanus alipousoma alinuna siku nzima. Kesho yake akaugonga muhuri wa SIRI, akaamuru uhamishiwe kwenye kabati la chuma, kisha huyo akapanda gari kwenda Lusewa. Na huko, bila haya, akasimama mbele ya wakulima akawaambia ameshauriwa na wanasheria na mamlaka anayo. Wakapewa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, kabla ya mvua, wawe wameshabeba vyao.

Mwenyekiti wa kitongoji kile alikuwa mzee Polikarp, mkulima wa mahindi na tumbaku, mtu mpole asiyejua kugombana. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: kama wanasheria wamesema hivyo, karatasi yao iko wapi nasi tuisome? Akaelezwa kwamba ipo sheria inayompa mwananchi haki ya kuomba taarifa, na kwamba ofisi ina siku thelathini za kujibu. Basi akajaza fomu, akaileta Songea mwenyewe, na kila alipokuja alipita masjala kumsalimia Otilia. Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa siku ya thelathini. Jumatatu baraza la ardhi lingesikiliza ombi la wanakijiji la kusimamisha amri, na mkononi hawakuwa na kitu zaidi ya maneno yao matupu.

Asubuhi Romanus aliteremsha dokezo la mstari mmoja: mwombaji ajibiwe kwamba ofisi haina waraka huo. Otilia alilitazama hadi chai ikapoa. Waraka upo, yeye mwenyewe aliupa namba, halafu leo aandike haupo! Lakini alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu, mume alishatangulia mbele za haki, na aliwajua watumishi waliobisha kitu kidogo wakajikuta wamemwaga unga. Akaanza kupiga chapa huku moyo ukimsuta.

Na hapo ndipo mkono ulipomponza. Masjala kuna utaratibu ambao Otilia alifundishwa wiki ya kwanza ya kazi, na tangu hapo amewafundisha wengine kwa ukali: hakuna barua inayotoka bila kutaja karatasi inayohusika, kwa tarehe na kumbukumbu namba yake. Kichwa kilikuwa kimejaa hofu, mkono ukafanya ulichozoea. Barua ikaanza: Tafadhali rejea ombi lako, pamoja na maoni ya kisheria ya tarehe nne Machi, ikafuata namba ya faili, folio ya 17. Aya ya pili ikasema ofisi inasikitika kukujulisha kwamba maoni hayo hayapo. Romanus akatia sahihi huku anaongea na simu, hakusoma hata neno. Saa tano Polikarp akakabidhiwa barua hiyo, akashukuru kwa heshima zote, akaondoka.

Otilia alikuwa bado ameishika ile nakala Beda alipoingia kuazima faili jingine. Akachungulia begani kwake, akaisoma. Beda hakufoka. Afadhali angefoka. Alifunga mlango, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba barua ile ikifika barazani Jumatatu, mwenyekiti wa baraza ataamuru folio ya 17 iletwe mezani, na ofisi haitakuwa na pa kujifichia. Wa kwanza kutafutwa atakuwa aliyepiga chapa. Siri ya serikali kutoka nje si onyo la mdomo, alisema, ni kazi kwenda na pengine kesi juu yake.

Kisha akakaa kwenye kompyuta ya Otilia mwenyewe, akaandika barua nyingine isiyo na ile namba, akapanda nayo juu. Baada ya dakika kumi akarudi nayo ikiwa na sahihi. Alimwambia Romanus ile ya kwanza ilikosewa tarehe.

"Gari la Lusewa linaondoka saa tisa," Beda alisema. "Mpe hii, chukua ile. Mama Urbani, nakuomba. Tutakwisha wote wawili."

Otilia alitaka kumwuliza hivi yeye, aliyeandika ukweli kurasa nne nzima, anaogopa nini. Lakini jibu alikuwa nalo kifuani mwake mwenyewe, likimdunda. Akaitia barua mpya kwenye mkoba, akatoka mbio, akadaka bodaboda getini. Njia nzima alisali rozari bila rozari. Mara aombe amkute mzee, mara aombe gari liwe limeshaondoka na jambo liwe limekwisha bila yeye kuchagua. Jasho lilimtoka mpaka kitambaa cha kichwani kikalowa, na dereva akamwuliza kama anakimbilia hospitali.

Gari lilikuwa halijaondoka. Polikarp alikuwa kwa mama ntilie pembeni ya stendi, anamalizia ugali na dagaa wa Nyasa, bahasha ameilaza mapajani ili isipate mchuzi. Otilia akampa shikamoo, akaketi kabla hajakaribishwa. Akaeleza, macho chini, kwamba barua ile ina kosa dogo na amekuja kuibadilisha.

Mzee hakuuliza kosa gani. Jamani, hata hakusita! Alinawa mikono, akaifuta vizuri kwenye suruali, akamkabidhi bahasha.

"Chukua, mwanangu. Ninyi ndio mnaojua mambo ya ofisi," alisema. "Ila kwanza nisomee. Miwani yangu ilivunjika, na nimeshindwa kungoja mpaka mjukuu wangu Devota anisomee nyumbani. Nataka nijue tumeambiwa nini."

Otilia angeweza kusoma ile ya mkobani. Nani angejua? Alifungua bahasha, akaanza na aya ya pili. Alisoma kwamba ofisi inasikitika, kwamba maoni aliyoyaomba hayapo. Alipofika mwisho Polikarp alikuwa anatazama sahani.

"Hayapo," mzee alisema. "Basi mimi ndiye niliyewapoteza watu wangu. Niliwaambia wasihame, wasiuze mbuzi, wangoje karatasi. Kumbe nimewangojesha kitu ambacho hakipo." Akajipangusa uso kwa kiganja, akasema ataomba radhi nyumba kwa nyumba akifika.

Otilia angeyabeba matusi, angeibeba hata laana, lakini mzee huyu kujilaumu kwa uongo alioupiga chapa yeye, hilo alishindwa. Kondakta alikuwa anaita abiria wa Namtumbo na Lusewa. Dakika zimebaki chache, na akilini aliona meza yake ya masjala ikiwa na mtu mwingine. Aliogopa, tusimsingizie ushujaa. Hivyo hivyo, akiwa anaogopa, akairudisha karatasi juu ya meza, akakishika kidole cha mzee na kukiweka kwenye mstari wa kwanza.

"Mzee, hapa sikukusomea," alisema. "Hapa pana namba. Ni namba ya karatasi ile unayoambiwa haipo. Ipo, nimeiandika mimi kwa kalamu nyekundu, na inasema Bwana Romanus hana mamlaka ya kuwaondoa. Jumatatu mwambieni mwenyekiti wa baraza aiitishe kwa namba hiyo. Akiuliza nani anaijua, mtajie Otilia wa masjala."

Polikarp alimtazama, kidole bado kiko palepale kana kwamba akikiondoa namba itatoroka.

"Na wewe, mwanangu? Si watakufukuza?"

"Huenda," Otilia alisema. "Nenda, gari litakuacha."

Alimsindikiza hadi mlangoni mwa gari. Mzee aliitia bahasha ndani ya shati, akafunga vifungo vyote hadi shingoni pamoja na joto lile, akapanda. Alimshika Otilia mkono kwa mikono yake miwili, akaubana, basi. Otilia alibaki amesimama hadi gari lilipokata kona, kisha akaitoa barua ya Beda mkobani, akaichana vipande vidogo na kuvitupa kwenye jiko la mama ntilie. Wakati huo ndipo alipoanza kulia, na mama ntilie akamsogezea kiti bila kumhoji.

Simu ikaita. Beda.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Barua amepewa?"

"Anayo. Ile ya asubuhi."

Beda akauliza, kwa sauti ambayo Otilia hakuwahi kuisikia kwake, kama anajua alichokifanya. Jumatatu yeye Beda ataapishwa, ataulizwa mbele ya Romanus na mbele ya watu wote kama aliwahi kuandika maoni yoyote. Atajibu nini?

Otilia alijifuta macho kwa upindo wa kitenge.

"Uliandika, Beda," alimwambia. "Kurasa nne, na sahihi yako iko chini. Nilipokuwa naupa namba niliusoma wote, nikasema moyoni, leo ofisi yetu imepata mwanasheria."

Beda simu hakukata, na Otilia naye hakukata, wakabaki hivyo kila mmoja akimsikia mwenzake anavyohema.