Kiti Mlangoni mwa Bafu

Kiti hakikuwa mahali nilipokiacha.

Nilikiona kabla sijamaliza ngazi, ndoo ya maji mkononi, nikasimama palepale. Nilikuwa nimekiweka kuziba mlango wa bafu na kukilundikia nguo chafu, ili kionekane kweli kiko kazini. Sasa kilikuwa kando, kimeegemezwa ukutani kwa adabu, na nguo zote zimekunjwa. Nyumbani kwetu aliyekunja nguo chafu alikuwa mtu mmoja tu. 

Miaka mingi imepita, na bado nikipanda ngazi na ndoo huwa naangalia juu kwanza.

Baba yangu alikuwa fundi wa vigae tangu ujana wake, mpaka kumbukumbu zilipoanza kumponyoka. Yalianza majina, zikafuata siku, mwisho akawa ananiita dada na mimi naitika, maana kumsahihisha kulimtia aibu tu. Tulikaa naye ghorofani, mimi na mume wangu. Chini yetu aliishi muuguzi mmoja mpole, na dari ya mpole huyo ilikuwa imeota madoa ya maji yetu. Pale sakafu ya bafu inapokutana na ukuta palikuwa pamepasuka pande zote, na choo kilikuwa humohumo.

Mume wangu alijaza silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, mwenyewe, akajisifu, akatoka. Jioni hiyohiyo Baba akaingia kuoga. Alisugua miguu pembeni mwa ukuta kama kawaida yake, silikoni ingali mbichi, ikang'oka yote. Kesho yake muuguzi akaweka beseni juu ya kitanda. Mwenye nyumba alipanda na uso usio na masihara: ikivuja tena, tuhame.

Mume wangu hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Kabla hatujatupwa nje sote," akasema, "Baba aende kwa kaka yako."

Kwa kaka nilikujua. Baba angefungiwa chumbani tangu asubuhi mpaka wenyewe warudi kutoka kazini. Kaka alishasema hivyo bila kupepesa macho.

"Yule ni mtu, si mfuko wa saruji," nikamwambia.

"Najua. Lakini humwambii kitu kikakaa."

Kilichoniuma ni kwamba hakuwa amesema uongo. Tukakubaliana kujaribu kuziba tena mara moja tu, na kaka akaambiwa akae mguu sawa.

Basi asubuhi ile nikapiga magoti. Nilikwangua silikoni ya zamani kwa kisu, nikafuta vumbi, nikakausha kila pembe kwa kitambaa, kisha nikaanza kukamua mpya. Baba alikaa kwenye kigoda mlangoni akinitazama jinsi mtu anavyotazama magari yakipita. Kwenye kona ya nyuma ya choo nilikamua kupita kiasi, mstari ukavimba. Nikataka kurudi kuurekebisha.

"Usirudi nyuma," akasema.

Nikageuka. Ilikuwa sauti yake ya zamani kabisa.

"Chovya kidole kwenye maji ya sabuni. Vuta mara moja, usiachie njiani."

Nikavuta, mstari ukalala. Nilitamani kumshukuru, lakini macho yake yalikuwa yameshaondoka.

"Baba, humu hatukanyagi mpaka kesho. Umenisikia?"

"Wewe ni wa hapa?" akaniuliza, kwa upole tu.

Muuguzi alitukubalia bafu lake kwa siku hiyo, na kila mara nilimshika Baba mkono tukashuka. Lakini mchana maji yalikatika huku juu, nikamwacha amesinzia, nikaenda kujaza ndoo kwenye bomba la uani. Nikakuta watu wamejipanga. Nikajiambia ni dakika chache tu.

Na sasa kiti kilikuwa kando, mlango wazi, na nyuma yangu nikasikia viatu vya mume wangu. Siku zote alichelewa. Leo ndiyo kaamua kuwahi. Akakiona kiti kabla sijafungua mdomo.

"Ameingia," akasema.

Tulifika mlangoni pamoja. Baba alikuwa amesimama kizingitini, mkono mmoja umeshika fremu, vidole vya miguu vimekomea pale vigae vinapoanzia. Hakuwa ameingiza hata unyayo. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka vifundoni, na mkojo umetandaa chini, upande wetu wa korido. Choo kilikuwa hatua mbili mbele yake.

Alitugeukia. Aibu ilikuwa imemjaa usoni, midomo inamcheza, lakini aliinua kidole kutuzuia.

"Msipite," akasema. "Haijakauka."

 Mume wangu akaenda chumbani, akarudi na taulo na suruali yake mwenyewe, ile nzuri ya kutokea. Akavua viatu.

"Twende chini tukaoge, Baba," akasema, akamshika mkono. Kisha kwangu, bila kunitazama: "Mwambie kaka yako asihangaike kuja."

Nilibaki na ndoo yangu nikilia kimyakimya, huku nikitafuta kitambaa cha kufutia. Walikuwa wameshaanza kushuka ngazi, Baba akasimama. Akajichomoa taratibu mkononi mwa mkwewe, akapanda tena, suruali imemganda miguuni, akakibeba kile kiti kwa mikono miwili na kukirudisha mlangoni. Akakitazama kwa jicho moja, kisha akakisogeza kidogo kushoto.