Kijiko cha Namkunda

Niliota, usiku wa jana, nimerudishwa kwenye korido ya hospitali ya wilaya, juu ya lile lile benchi nililokalia siku marehemu mke wangu Namkunda alipolazwa.

Benchi linaongea.

"Karibu tena, mzee. Masharti ni yale yale. Ukikaa kimya, andazi. Ukisimama kuuliza, mwisho wa foleni."

Nakaa. Andazi la moto linadondoka kutoka darini. Sishangai. Wakubwa wametulea hivyo: ukinyamaza unapigwapigwa begani, ukiuliza unafokewa. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini somo hilo nililipasi.

Nasimama nimuulize nesi hali ya mgonjwa wangu. Korido inarefuka, nami niko mwisho wa foleni, kijijini kwetu, karibu na kisima. Nachuchumaa. Papo hapo niko benchini. Andazi jingine.

Anakuja mbwa aliyevaa koti jeupe, amekinga beseni chini ya kidevu, mate yanamchuruzika.

"Mimi ndiye daktari mfawidhi," anasema. "Mzee, umeshitakiwa. Mkeo alikuwa akikuita mezani kwa kugonga kijiko kwenye kikombe. Hadi leo jirani akikoroga chai, wewe unanyanyuka."

"Ndiyo, dokta. Na mate yananijaa."

"Hayo niachie mimi. Tutagonga, chakula hakiji. Tutagonga tena, hakiji. Mwisho mate yanakauka, unapumzika."

"Na Namkunda?"

"Naye atapumzika. Hatakuwa na wa kumwitikia."

Anagonga. Nanyanyuka, sahani tupu. Anagonga. Nanyanyuka, tupu. Mdomo unakuwa kama chaki. Nautafuta mwanya wa meno ya Namkunda akilini, siuoni. Natafuta sauti yake, nayo inafifia.

Ndipo kijiko kingine kinalia wodini, haraka haraka, kwa hasira, na sauti ya Namkunda juu yake.

"Baba Niwaeli, wee! Ugali unapoa! Au umeoa hilo benchi?"

"Kaa," anaamuru mbwa.

Maandazi yanamwagika mpaka magotini.

"Kaa tu, baba," benchi linabembeleza. "Haya yana iliki."

Siku ile nilikaa. Manesi waliniambia nikae, nikakaa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kuniambia kwamba Namkunda anaita jina langu. Nikaja kuitwa kuchukua kanga zake.

Nasimama. Korido inarefuka, nami nakimbia na urefu wake, nikiyakanyaga maandazi, nikipiga kelele: "Naja, mama! Naja!"

Nasukuma mlango. Kitanda kimeshatandikwa. Hata ndotoni wamenichelewesha.

"Umeitika," inasema sauti yake, sijui kutoka wapi. "Kumbe unaweza."

Nilipoamka nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, mate tele mdomoni. Kikombe chake, nilichokifungia kabatini tangu mazishi, kilikuwa mezani, na kijiko ndani yake kilikuwa bado kinatetemeka.