Umepata, Mzee Verlin

Mimi ni Lonnie, mwanaume mzima, lakini Verlin Stuckey aliniita Mama Lonnie kwa miaka kumi na tisa, mbele za watu, kwa sababu siku ya kwanza aliponiona nikipiga bunduki nilifumba macho. Alikuwa msimamizi wangu kwenye kiwanda cha mbao, na akitania yeye wote walicheka, maana aliyecheka hakukosa zamu nzuri. Hata mke wangu alilisikia jina hilo kanisani, kwenye chakula cha pamoja. Kwa hiyo usinitazame hivyo. Mtu aliyekukalia kooni miaka yote hiyo, siku akija kwako na kofia mkononi, wewe ungefanyaje?

Alikuja mwezi wa Aprili, kwenye uwanja wetu wa shabaha nyuma ya shamba la mkwe wangu, pale tulipotundika vibao kumi vya chuma kwa minyororo. Alikuwa na miaka themanini na moja, mkewe kashazikwa, masikio yameuawa na misumeno, macho yana ukungu. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, hata hakuweza tena kuvuta bolti ya bunduki yake ya zamani kila baada ya risasi. Alitaka inayojipakia yenyewe, ya kupigia chuma tu, na alitaka nimsaidie kuchagua.

Halafu akanieleza sababu. Wakati wa theluji aliingiza pikapu mtaroni, na binti yake Nadine, anayeishi Springfield, akamtafutia chumba huko huko, katika nyumba ya kutunzia wazee. Mzee akagoma. Mwishowe wakaafikiana kama wanavyoafikiana watu wa ukoo wao, ambao tangu zamani hupima uzima wa mtu kwa shabaha. Jumamosi ya mwisho ya Mei Nadine angekuja, na baba yake akigonga vibao saba kati ya kumi, anabaki nyumbani kwake. Akishindwa, anafunga virago bila neno.

"Nifie kitandani kwangu, Lonnie," akaniambia. "Sitaki kingine."

Nilimwonea huruma? Kidogo. Kisha akaongeza, "Ila wewe usifumbe macho, Mama Lonnie," akacheka peke yake, na huruma yote ikaniisha.

Sasa, kwetu mpigaji hajitangazii. Anayesimama nyuma yake na darubini ndiye anayesema umepata au umekosa, na neno lake halipingwi. Ukienda kukagua vibao baada yake ni sawa na kumwita mwongo usoni. Mwenye masikio mazima husikia chuma kikilia, hana haja ya kuambiwa. Verlin hakusikia kitu. Alikuwa akipiga, anageuka, ananitazama mdomo.

Nilimpa bunduki mbili za namna hiyo ajaribu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya risasi nyembamba zile za kuwindia kindi, haina teke begani kabisa, na juu yake ina kioo chenye nukta nyekundu ambayo hata macho yake yaliiona. Akapiga kumi. Jamani, nilishangaa. Tisa ziligonga, vibao vikacheza kwenye minyororo yake. Mkono wa yule mzee ulikuwa bado una shabaha.

"Ngapi?" akauliza.

"Mbili," nikasema.

Sikupanga. Ilinitoka tu, na ikawa tamu. Jirani yangu Merle Hoyt, aliyekuwa mezani akila mkate na mchuzi mzito wa soseji, aligeukia upande wa pili akajifuta mdomo ili asionekane anacheka.

Ya pili ilikuwa kubwa, ya kuwindia kulungu, yenye teke la kung'oa bega. Akaikumbatia, akafumba macho kabla hata hajafyatua, yeye Verlin huyo huyo. Risasi ikaenda msituni. Nikamwambia, umepata. Iliyofuata ikachimba udongo. Umepata, mzee. Nikaendelea kumvisha kilemba cha ukoka risasi baada ya risasi, naye akazidi kunyoosha mgongo. Kumi zote zilipotea, nikampa nane.

"Nilijua," akasema. "Hii ndiyo bunduki ya mwanaume."

Akanunua hiyo kubwa. Kwa wiki sita alikuja kila Jumamosi, bega limevilia damu, nami nikashika darubini. Habari zikaenea, watu wakaja makusudi kwa ajili ya kicheko, wakimpigia makofi kwa kila risasi iliyopotea. Naye akatuletea mayai ya kuchemsha yaliyolowekwa kwenye siki, aliyoyatengeneza mwenyewe, mtungi mzima, kutushukuru. Tukayala. Kila Jumamosi nilijiambia nitamwambia wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika utani ulikuwa umenoga zaidi.

Nadine akaja siku ile saa nne asubuhi, mwanamke mpole, uso umechoka. Alinivuta pembeni akaniambia anaomba Mungu baba yake ashinde, maana hana moyo wa kumtoa katika nyumba ile. Hilo sikulitegemea.

Verlin alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kanisani. Akapiga ya kwanza. Vumbi likaruka kwenye kilima, juu kabisa ya vibao. Akageuka kunitazama.

"Umepata," nikasema, kwa mazoea.

Nadine akanikazia macho. "Mbona chuma hakijalia?"

Nikajifanya nafuta vioo vya darubini. "Samahani, nimeona vibaya," nikasema. "Umekosa, mzee."

Ya pili, umekosa. Ya tatu, umekosa. Kila mara aligeuka na kila mara nilimwambia, na sasa nilikuwa nasema kweli. Baada ya nne alikuwa ameshashindwa, lakini alizimaliza zote kumi. Hakupata hata moja.

Nadine akalia. Akauliza kama hakuna bunduki nyingine nyepesi, baba ajaribu tena, na hizi kumi hatazihesabu. Merle akaitazama ile ndogo iliyolala mezani, kisha akanitazama mimi.

"Hiyo siiwezi hata kidogo," Verlin akasema. "Muulize Lonnie. Yeye ndiye aliyekuwa anaona."

Nadine akanigeukia, anasubiri. Ningesema kweli angejua nilichomfanyia baba yake. Angejua na Verlin, akanitukana, na safari hii angekuwa na haki. Niliogopa, ndiyo. Niliogopa aibu yangu kuliko yeye kukikosa kitanda chake.

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," nikasema.

Merle akatema mate chini, akaenda zake kwenye gari.

Verlin aliinuka kwa shida akanipa mkono. Akamwambia binti yake asinilaumu, kwamba leo mkono wake ndio uliomwangusha, na kwamba wengine wote walikuwa wanampigia makofi tu, lakini mimi nilimwambia ukweli hata ulipouma. Aliniita mwanangu. Nadine naye akanishukuru, machozi bado mashavuni. Kabla ya kuingia garini mzee akaniomba niwe nampitia Springfield siku moja moja, nimweleze nani kagonga ngapi, maana habari zangu anaziamini. Nikamwahidi.

Alikufa Septemba, katika kitanda kisicho chake. Sikuwa nimekwenda hata mara moja.