Miguu Iliyooshwa Nyumbani

Ijumaa ya nne ya Kwaresima, Njia ya Msalaba ilipokwisha, Mwalimu Rwehumbiza alipanda mimbarini na kijitabu cha tafakari. Kilikuwa chake kweli: alikitunga mwenyewe, akakipeleka mjini Mwanza kikachapwa, na kwenye jalada Mtakatifu Fransisko alisogezwa pembeni akawa mdogo kama stempu, ili picha ya Mwalimu ipate pa kukaa.

“Fransisko,” alisoma, akivuta sauti kana kwamba anasomea wilaya nzima, “alikuwa kijana wa nguo nzuri. Siku moja njiani akakutana na mkoma. Akashuka kutoka juu ya farasi, akamkumbatia, akambusu. Sasa nawauliza, ndugu zangu: mkoma wa leo ni nani?”

Kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, Getruda alimgusa kaka yake kiwiko. “Umesikia? Unatafutwa.”

Ndalahwa akacheka kimyakimya, macho chini. Alikaa kama anavyokaa siku zote, miguu kairudisha nyuma chini ya benchi, ndani ya katambuga za tairi alizozikata mwenyewe, maana hakuna duka linalouza kiatu cha mguu usio na vidole.

“Mkoma wa leo,” Mwalimu akajijibu, “ni ubinafsi wetu. Ni simu zetu. Ni uvivu wa kuhudhuria jumuiya.”

Watu wakatikisa vichwa. Prudencia, katibu, akaandika daftarini. Getruda alivitazama vichwa vile, sitini na kitu, na hata kimoja hakikugeuka kuangalia mlangoni. Mtu aliyeugua ukoma wenyewe yumo humu ndani anapumua, wao wanautafuta kwenye simu!

Kigango kile cha parokia kiko juu ya mwalo wa wavuvi, ng'ambo kidogo ya Kigongo, na wenye sauti pale ni watu wa Udugu wa Mtakatifu Fransisko: walei, wenye wake na waume na mashamba, walioahidi kuishi kifukara kama msimamizi wao. Siku za ibada huvaa joho la kahawia na mshipi wa kamba wenye mafundo matatu. Joho la Mwalimu, Mhudumu yaani mkuu wa Udugu huo, ambaye alistaafu akiwa afisa elimu, lilikuwa la kitambaa cha suti, lenye bitana. Ufukara wenye bitana! Lakini mishipi yote ilitoka kwa mtu mmoja. Ndalahwa aliokota kamba za nyavu zilizochakaa, akazifumua, akazisokota upya, akafunga mafundo matatu magumu kama kokwa. Ugonjwa ulikula miguu, mikono ukaiachia. Basi kila kiuno kanisani kilifungwa na mkono ambao, padre akisema “tutakiane amani”, hakuna aliyeushika.

Alipona mwaka tisini na sita. Cheti cha hospitali anacho, kakikunja kwenye kitabu cha sala. Katika maisha yake yote baada ya hapo aliomba kitu kimoja tu: Alhamisi Kuu, padre anapoosha miguu ya watu kumi na wawili kama Yesu alivyowaosha mitume, naye akae kwenye kiti kimoja kati ya vile kumi na viwili. Mara moja. Halafu afe, kama ni kufa.

Getruda alikuwa na kumbukumbu kama deni la ng'ombe, haifutiki. Alikumbuka mwaka waliosema viti ni virefu, mzee ataanguka. Mwaka mwingine padre wa wakati ule alikuwa na mgongo, hawezi kuinama muda mrefu kwenye mguu “unaohitaji uangalifu”. Mwaka wa video, kijana wa kamera aliyelipwa kwa harusi ya mtu alibakiwa na siku moja akaja kurekodi ibada, na Prudencia alisema kwa sauti ya huruma, “Mama Getruda, fikiria na wewe, itaonekana mpaka Dar.” Yote hayo alikuwa nayo, na majina ya waliosema, na nguo walizovaa.

Baada ya tafakari, Prudencia akasoma orodha ya mitume wa mwaka huu. Wa kwanza, Mwalimu Rwehumbiza. Wa pili, Bagenda mwenye duka la saruji. Akaenda hivyo hadi wa kumi na mbili, na Ndalahwa hakuwemo.

Getruda aliwangojea nje.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba, mama. Umeionaje tafakari?”

“Nzuri. Nimependa hapo kwenye farasi. Sasa nauliza, wewe wa kwako utashuka lini?”

Bagenda akakohoa. Mwalimu akatabasamu lile tabasamu la ofisini, la njoo kesho. “Mama Getruda, tusiende haraka. Ndugu yetu Ndalahwa tunampenda. Lakini liturujia ina heshima yake. Kuna watu wana mioyo dhaifu.”

“Miguu ni yake, mioyo dhaifu ni yenu. Kwa nini asikae yeye, mkatibiwe nyinyi?”

“Geti,” Ndalahwa akamvuta khanga. “Twende, mdogo wangu.”

“Naenda. Nimemaliza.” Hakuwa amemaliza.

Juma Kuu likaingia, na mambo ya kila mwaka yakaanza. Mitume walioteuliwa waliosha miguu nyumbani. Usicheke, ndivyo wanavyofanya: anayekwenda kuoshwa na padre hutangulia kujiosha mwenyewe hadi mguu ung'ae, padre asikute uchafu wa kuosha. Bagenda alikwenda saluni Mkolani, akarudi na kucha zinazometa kama za bibi harusi. Mwingine alivaa soksi mbili mbili siku tatu kavu, asikanyage vumbi. Yesu alikuta miguu ya wavuvi, inanuka samaki na njia. Hawa wangemletea miguu ya kuwekwa kabatini.

Alhamisi Kuu jioni kanisa lilijaa. Kazi ya Getruda, kwa miaka kumi na minne, ilikuwa kubeba karai, ndoo na taulo; kwa kazi hiyo hakuna aliyewahi kusema familia yao haifai. Mitume wakakaa kumi na wawili mbele ya altare. Padre Pius, aliyehamishiwa pale mwezi wa pili tu na bado hajui siri za watu, akavua kasula, vazi lake la juu la misa, akajifunga taulo kiunoni.

“Mguu wa kulia tu, wapendwa,” alisema.

Mwalimu akainama, akavuta soksi, soksi mpya nyeupe. Soksi ikatoka na ngozi.

Mtu mmoja wa kwaya akapiga yowe. Mguu ulikuwa umevimba malengelenge toka kisigino hadi vidoleni, makubwa kama mayai ya bata, na mengine yamepasuka, nyama nyekundu nje. Lakini jambo la kutisha halikuwa mguu. Lilikuwa uso wa Mwalimu. Alikuwa bado anatabasamu, anamngoja padre.

“Umeungua, baba!” Padre Pius alisema. “Huoni? Huusikii moto?”

Mwalimu akatazama chini. Tabasamu likabaki pale pale kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Mitume kumi na mmoja wakasogeza viti. Na kabla Getruda hajaweka ndoo chini, alisikia katambuga zikiburuzika toka mlangoni, kishindo anachokijua kuliko kengele ya kanisa. Ndalahwa alipita katikati ya watu, akauinua mkono wa Mwalimu, akauweka begani kwake. “Twende nje kwenye maji baridi, Mwalimu. Kanyaga kwa mguu huu mwingine.”

Wakatoka kwa mlango wa sakristia, Getruda nyuma na ndoo. Mwalimu akakalishwa kwenye ngazi. Ndalahwa akapiga magoti, akawa anamimina maji baridi juu ya ule mguu, kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe.

“Uliuweka kwenye maji gani?”

“Ya chumvi. Ya kulainisha magaga.” Sauti ya wilaya nzima ilikuwa imekwisha. “Niliona ni vuguvugu.”

“Ulimimina toka chupa ya chai?”

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

“Na hili baka hapa juu ya kifundo? Tangu lini?”

“Fangasi tu. Mwaka wa pili huu.”

Ndalahwa akaokota kijiti. “Funga macho. Niambie nimekugusa wapi.”

Mwalimu akafumba macho, akangoja. Ndani kwaya ilikuwa imeanza tena wimbo. “Gusa basi,” alisema.

“Nimekugusa mara tatu.”

Mwalimu akafumbua macho, akakiona kijiti juu ya baka. Akamshika Ndalahwa mkono, mkono ule ule usioshikwa wakati wa amani, akaukaza kwa mikono yote miwili. “Kaka yangu. Usiniache. Na usiwaambie watu, nakuomba.”

“Inaweza kuwa sukari. Inaweza kuwa ule ugonjwa wangu. Kesho asubuhi nenda kapimwe, dawa ni bure. Mimi nilikaa kimya miaka miwili kwa kuogopa watu, vidole vikaenda kimoja kimoja.”

Getruda alikuwa anachungulia mlangoni. “Kaka,” alisema, “kiti kiko wazi. Padre amefika wa nne. Amka, nenda. Huyu nitamshika mimi.”

“Maji yasikatike, Geti. Nikiacha sasa moto utazama ndani.”

“Miaka mingapi umekililia hicho kiti!”

“Mimina.”

Alipochungulia tena, Prudencia alikuwa anamsukuma mpwa wa Bagenda kwenye kile kiti, kijana mwenye viatu vya kung'aa, soksi safi. Padre akamwosha. Kanisa likapumua. Kumi na wawili walitimia, liturujia ikapata heshima yake.

Siku ya Pasaka, baada ya komunyo, padre akatangaza kwamba Mhudumu wa Udugu atasoma tafakari. Mwalimu alikuwa benchi la mbele na mguu wa bendeji, hivyo hakupanda mimbarini. Alikaa, akasoma, kipaza sauti mkononi. Sauti ilikuwa imerudi. Walichomwambia hospitali ni siri yake, na Getruda hakuitafuta. Ugonjwa wa mtu si wa kutangazwa. Kaka yake alitangazwa, anajua ladha yake.

Lakini alisikiliza.

“Alhamisi Kuu,” Mwalimu alisoma, “mimi nami, kama Fransisko, nilikutana na mkoma wangu. Alikuwa ameketi katika giza la maisha. Kwa neema nikashinda chuki ya mwili, nikamkubali aniguse.”

Vichwa vikaanza kutikisika. Prudencia akafungua daftari.

“Ana jina!” Getruda alikuwa amesimama. “Anaitwa Ndalahwa, Mwalimu. Alipona wewe ukiwa bado unapanda vyeo. Huo mshipi kiunoni mwako ni wa mkono wake. Na hukumkubali akuguse. Ulimlilia akuguse!”

“Mama Getruda!” Prudencia akanong'ona kwa nguvu. “Leo ni Pasaka!”

“Najua. Bwana amefufuka leo, nanyi leo hii mnamzika kaka yangu akiwa hai!”

Padre Pius akamgeukia Mwalimu.  Mwalimu alitazama karatasi yake, na karatasi haikuwa na mstari wa kumsaidia.

Ndipo Ndalahwa akainuka. Getruda alidhani anakuja kumvuta khanga, akajiandaa kukataa. Lakini alimpita. Katambuga ziliburuzika taratibu hadi mbele kabisa, kwenye benchi la Mhudumu na wakubwa wa Udugu, ambako hajawahi kukaa tangu kanisa lijengwe. Akakaa ubavuni mwa Mwalimu. Akavua katambuga, akazipanga vizuri, akainyoosha miguu yake mbele, kwenye mwanga wa dirisha, kanisa zima liione.

“Kuandikwa kwenye orodha nimechoka kungoja,” alisema, si kwa hasira. “Leo nimekaa.”

Bagenda akakumbuka kitu alichosahau nje. Mwingine akahamia kwa wanaume wa upande wa pili. Prudencia akachukua daftari lake akasahau kalamu. Benchi lile likakatika kama shanga, mmoja mmoja, hadi akabaki mmoja tu aliyejaribu kuinuka akashindwa. Mwalimu alishika ukingo wa benchi, akajiinua, mguu ukamgomea, akarudi chini puu.

“Tulia, Mwalimu,” Ndalahwa akamwambia, kwa upole uleule wa kikombe na maji. “Huo mguu usiukanyagie siku kumi.”

Kwaya ilipoanza Aleluya, Getruda akaacha benchi lake la mlangoni, akaja kukaa upande wa pili wa kaka yake. Nafasi ilikuwa tele.